Jinsi ya kuomba uhariri wa saraka ya tovuti kama na wewe una tovuti yako

Watu wengi wanaogopa kuomba uhariri wa saraka ya tovuti, yaani ile orodha ya tovuti iliyopangwa kwa kategoria na kuhaririwa na watu wa kujitolea, kwa sababu wana tovuti zao, au wanatengenezea watu tovuti kwa hela, wanaona watakataliwa tu. Hapana, kuwa na maslahi sio kosa, kosa ni kunyamaza, maana hao wanaopitia maombi nao wana gugo kama wewe na jina lako wataligugo.

Kwanini wako wakali hivyo? Kipindi cha DMOZ, ile saraka iliyoanza 1998 ikafungwa Machi 2017, Google nao walikuwa wanachukua data yake kujengea saraka yao, so ukiingizwa pale mara moja linki yako inasambaa kwingine bila jasho. Hapo ndo waliingia watu wanaotaka uhariri ili wajiweke juu na kuwafuta wenzao. Baada ya kufungwa baadhi ya wahariri waliendelea na Curlie, saraka iliyoirithi DMOZ, na tabia ya kuuliza "una uhusiano na tovuti gani" wakaibeba.

Haya, kabla hujagusa fomu chukua karatasi uorodheshe: tovuti zako, ulizotengeneza, ya mwajiri, za wateja, ya mume au mke, ya rafiki uliyemsaidia kuandika kurasa mbili. Ile ya zamani uliyoiacha ikafa, iweke pia. Mimi mara ya kwanza niliacha blogu niliyokuwa sijaigusa miaka, nikaona haina maana, ikarudi swali "na hii ya nani?" na ombi likaishia hapo. Haikuwa hata na wasomaji, lakini ilionekana nimeificha.

Kisha chagua kategoria. Chagua ndogo, iliyo chini kabisa kwenye mti wa saraka, yenye tovuti chache, sio ile kubwa ya juu ambayo mgeni hapewi. Hapa ushauri wangu, na wengine watanibishia, ni uanze na kitu unachokipenda tu, ndege, chess, historia ya reli, mbali na kinachokupa mkate. Kuomba kategoria ya biashara yako inaruhusiwa ila utachunguzwa mara mbili, na kwa kweli hata mimi ningekuchunguza.

Fomu yenyewe haina mambo mengi: imeli inayofanya kazi, kwanini unataka, uzoefu wako, uhusiano wako na tovuti mbalimbali, na tovuti mbili tatu za mfano ambazo hazijaingia bado kwenye kategoria hiyo. Kile kisanduku cha uhusiano ndo watu wanaandika "sina" halafu wanaendelea. Usifanye hivyo kama unazo. Andika hivi, kavu kavu: "Ninamiliki studio ya picha na tovuti yake ni hii. Nimetengeneza tovuti za wateja wanne, linki ziko hapa chini. Mmoja wao yuko kwenye kategoria ninayoomba." Imetosha, usianze kujitetea wala kuapa kwamba wewe ni mwaminifu.

Kwenye mifano usiweke zako zote, weka hata ya mshindani wako, hiyo inaongea kuliko maelezo yoyote. Na maelezo ya kila tovuti yasiwe tangazo. "Studio bora kuliko zote, bei poa, karibuni sana" hiyo inakuangusha. "Picha za harusi na familia. Ina sampuli za kazi, bei na fomu ya kuweka nafasi" hiyo inapita, kwa sababu inasema kilichomo tu. Soma herufi kwa herufi kabla ya kutuma, makosa ya tahajia nayo yanahesabiwa.

Ukishatuma subiri. Wanaosoma nao wanajitolea, kwahiyo usitume ombi hilohilo mara tatu kwa wiki. Ukikataliwa soma sababu, rekebisha, omba tena.

Ukikubaliwa, tovuti yako unaweza kuiweka ila kwa kipimo kilekile cha wengine: maelezo yasizidi ya jirani, usiirundike kwenye kategoria tano, usiipe ile alama ya tovuti bora hata kama unaamini inastahili. Maombi ya washindani ya kuingiza tovuti zao usiyaache yaoze kwenye foleni huku yako yakipita siku hiyohiyo, maana mabadiliko yote yanabaki kwenye kumbukumbu na wahariri wenzako wanayaona. Mtu akikupa hela umuingize kataa na uwaambie wahariri wakubwa, usikae nayo kimya. Na ukipata kazi mpya au mteja mpya, ingia kwenye profaili yako uongeze tovuti yake siku hiyo kabla hujaisahau.