Apophis ikipita juu ya Mtwara, usisubiri saa sita usiku

Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029, asteroidi Apophis, mwamba wa angani wenye upana wa mita 340 hivi, itapita kilometa 32,000 tu kutoka ardhini, chini ya setilaiti zinazolisha madishi yetu ya televisheni. Haitatugonga: vipimo vya rada vya 2021 viliondoa hofu hiyo kwa angalau miaka 100. Kazi iliyobaki ni kuiona, na hapo ndipo wengi watapotea.

Saa itakayotangazwa ni 6:46 usiku, itakapokuwa karibu zaidi. Lakini wakati huo itakuwa juu ya Atlantiki. Mtu wa Mikindani au Newala atakuta imeshazama magharibi. Toka nje saa 2 usiku, ikipanda toka mashariki, na kati ya saa 4 na saa 5 usibanduke. Ufukweni mashariki ni peupe, ila minazi huziba magharibi. Uwanja wa mpira unafaa zaidi.

Ramani ya anga iliyochorwa kwa ajili ya Ulaya haikufai, kwa kuwa kitu kilicho karibu hivi huonekana penginepo kila uhamapo. Kwenye programu ya simu weka mahali ulipo, saa za Afrika Mashariki, na usasishe data ya njia ya Apophis wiki hiyo hiyo.

Mwezi hautakuwepo, kwa hiyo giza litakuwa la kutosha. Kwa sababu hiyo hiyo bahari itakuwa bamvi, na atakayeona maji yamejaa kupita kawaida atasingizia asteroidi. Ni bamvi la mwezi mwandamo kama mengine. Vuta tu mtumbwi juu zaidi.

Aprili mvua hazijakatika. Panga mahali pa pili bara, tuseme Masasi, na uamue mchana, si saa 3 usiku mawingu yakishatanda.

Darubini ya macho mawili ya 7×50 (inakuza mara 7, vioo vya mbele vya milimita 50) inatosha. Pwani vioo hushika ukungu wa chumvi: puliza kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini. Ukisugua kwa shati, chumvi inakwaruza. Tochi ifunike kwa karatasi nyekundu. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza.

Usitafute mkia wala moto. Tafuta nukta kama nyota hafifu, isiyowakawaka kama taa za ndege. Ikariri kati ya nyota mbili za jirani, kisha itazame tena baada ya dakika 10: iliyohama ndiyo yenyewe.