Seva ya video za 4K kwenye nyumba ya mawe Lamu: angalia ukuta kwanza, prosesa baadae

Mwezi huu pekee watu watatu wameniuliza swali moja, wawili wa Mkomani na mmoja wa Shela: ninunue kompyuta gani iwe seva, yaani ya kutia video zote za nyumbani, arusi, maulidi, mashindano ya majahazi, watoto, halafu kila mtu atazame kwa TV yake bila kupokezana flashi na bila picha kukwama kwama. Na wote walianza na prosesa, i5 ama i7. Jibu langu huwa ni lile lile, prosesa ni swali la tatu. La kwanza ni ukuta wa nyumba yako, la pili ni faili lenyewe na TV itakayolicheza, ukishayajua hayo mawili mashine inajichagua yenyewe na mara nyingi inakua ya bei ndogo kuliko ulivyokua umejipangia.

Tuanze na faili manake hapo ndo hesabu zote zinatoka. iPhone ukiiweka 4K fremu 30 kwa sekunde kwa HEVC, ile njia mpya ya kubana video, inakula kama MB 170 kwa dakika, sawa na megabiti 23 hivi kwa sekunde. Ukipandisha fremu 60 inakua kama MB 400 kwa dakika, yaani megabiti 53. Droni ndo mzigo wenyewe, DJI Mini 2 inarekodi mpaka megabiti 100 kwa sekunde na Mini 3 Pro mpaka 150, na diski za Blu-ray za 4K mwisho wake ni 128. Tafadhali tofautisha biti na baiti, baiti moja ni biti 8, watu wengi wanapotelea hapo, anaona kompyuta inamwambia faili linapita kwa MB 12 kwa sekunde anadhani bado nafasi iko tele kumbe waya wake wa megabiti 100 ushajaa mpaka pomoni.

Sasa nyumba zetu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unakaribia dhiraa nzima, na dari ni boriti zimepangwa halafu mawe na chokaa tena juu yake. Waifai ya 5GHz ambayo ndo ya kasi ikipita ukuta mmoja wa hivyo ishachoka, wa pili haivuki. Ile ya 2.4GHz inapenya kidogo zaidi lakini chaneli zake zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na vichochoro vyetu nyumba zimebanana kila moja na rauta yake, saa mbili usiku watu wamerudi wote wako hewani. Ukiweka seva ndani kabisa na TV iko msana wa nje, ule ukumbi mrefu, hata ununue mashine ya laki ngapi picha itakwama, na utailaumu mashine bure. Vile vidude vya kurusha waifai mbele navyo visikudanganye, kinachopokea kwa hewa na kurusha kwa hewa hio hio kinakata kasi karibu nusu.

Kwa hivyo pesa ya kwanza itumie kwa waya. Waya wa aina ya Cat5e unatosha kabisa kwa gigabiti moja, yaani megabiti 1000 kwa sekunde, mpaka mita 100, na hakuna nyumba ya mji wa kale inayofika mita 100, Cat6 ukiipata kwa bei karibu na hio chukua. Lakini chunguza iwe shaba tupu, ziko nyaya nyingi madukani ni aluminiamu imepakwa shaba juu, na hewa yetu ya chumvi aluminiamu inaila haraka sana. Kwangua ncha kwa kisu, ikiwa ndani nyeupe mrudishie mwenyewe. Jambo jingine, gigabiti inataka nyuzi zote nane ziwe nzima, moja ikikatika ama ikipata kutu mara nyingi waya unashuka kimya kimya mpaka megabiti 100, wewe huambiwi kitu, unaona tu video za droni zimeanza kusita na zile za simu ziko sawa. Ukiona dalili hio usifungue kompyuta, kagua ncha za waya kwanza.

Na jamani msitoboe kuta. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na nyumba hizi zina masharti ya uhifadhi, ukitaka kugusa ukuta nenda kaulize ofisi ya Makumbusho kwanza. Isitoshe huna haja, nyumba ya Kiswahili ina kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati kimefunguka juu, pitisha waya pale, uteremshe pembeni, halafu uulaze kando ya boriti mpaka chumbani kwa mlango ama dirisha, ukipakwa rangi ya chokaa hauonekani. Sehemu inayopigwa jua weka waya wa nje wenye ganda jeusi, wa kawaida jua la kaskazi linaupasua ganda.

Waya ukishafika kwa TV kuna mtego mwingine, na huu unawashangaza hata wanaojua kompyuta. TV nyingi, hata hizi za 4K za bei, soketi yao ya waya ni ya megabiti 100 tu. Sio gigabiti. Kwa video za simu haina neno, kwa droni ya megabiti 100 na kwenda juu itakwama na hakuna seva duniani itakayoiponyesha. Dawa ni kisanduku cha Android TV chenye soketi ya gigabiti ukiweke nyuma ya TV, ama kama rauta iko chumba hicho hicho bila ukuta katikati basi waifai ya 5GHz itakua bora kuliko waya. Soma karatasi ya TV yako kabla hujanunua chochote.

Haya, prosesa sasa. Seva ina kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni kulitoa faili kwenye diski na kulipeleka kwa TV vile vile lilivyo, hii hata kompyuta kongwe inaiweza, ni kama mtu kukupokezea sahani. Ya pili ni kutranskodi, yaani TV ama simu haiielewi kodeki, yaani njia ya kubana video, ya lile faili ama njia ni nyembamba, kwa hivyo seva inalifungua na kulipika upya papo hapo huku mtu anatazama, na kwa 4K hio ni kazi nzito mno. Mie nlianza na kompyuta kubwa ya mezani yenye i5 ya kizazi cha 4, ilikua inapeleka vizuri miezi kadhaa mpaka ami yangu akaleta video ya arusi aliyorekodi kwa iPhone 12, HEVC ya biti 10 na HDR, yaani yenye rangi na mwanga mpana zaidi, na TV ya mamangu ni ya zamani haijui HDR. Prosesa ikapanda asilimia 100, feni ikalia kama boti la kwenda Mokowe, na picha inaenda fremu mbili inasimama, watu wamekaa kwenye mkeka wanasubiri bibi arusi ashuke ngazi na hashuki.

Nikajifunza kwamba kinachobeba mzigo huo si nguvu ya prosesa, ni ile sehemu ya video iliyojengwa ndani yake, Intel wanaiita Quick Sync. Kizazi cha 6 kinafungua HEVC ya biti 8 vizuri, ya biti 10 kamili imeanza kizazi cha 7, na kuanzia kizazi cha 11 inafungua AV1 pia, kodeki mpya zaidi. Kwa hivyo mstari wangu ni huu, chini ya kizazi cha 7 usinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Zile kompyuta ndogo za ofisini za mtumba, zile wauzaji wanaziita ex-UK, ndo zinatufaa zaidi: HP EliteDesk 800 G3 Mini, Lenovo ThinkCentre M710q, Dell OptiPlex 3050 Micro. Ila hizi tatu zilitoka na prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 kwa umbo lile lile, kwa hivyo usiangalie kasha, soma namba, i5-7500T ndio, i5-6500T hapana, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndo inakwambia. Ukiweza kuongeza kidogo upate i5-8500T kwenye EliteDesk 800 G4 ama ThinkCentre M720q utakaa miaka. Mpya ninayoipenda ni zile zenye Intel N100, iliyotoka 2023, chipu yake ni ya wati 6, inafungua AV1, na nyingine hazina feni kabisa, hilo la feni ntalirudia. Prosesa yenye herufi F mwishoni kama i5-12400F iache, haina sehemu ya video ndani, itabidi ununue kadi ya grafiki na kadi inakula stima. Raspberry Pi 5 nayo watu wanaiulizia sana, inafungua HEVC lakini haina kifaa cha kupika video upya, kwa hivyo inafaa tu kama una hakika TV zako zote zinacheza kila faili moja kwa moja.

RAM GB 8 inatosha. Programu ya kupeleka video mie natumia Jellyfin juu ya mfumo wa Debian, yote bure, na kutranskodi kwa Quick Sync ni bure pia, Plex ni nzuri lakini kwa hilo inataka ulipie. Na seva ikiwa nyumbani hailambi bando, hata intaneti ikilala siku mbili watu wanaendelea kutazama.

Diski. Kwa kasi usijisumbue, diski ya kuzunguka ya kawaida inatoa zaidi ya MB 100 kwa sekunde, hio ni megabiti 800, droni tatu kwa pamoja inazibeba. SSD ndogo weka ya mfumo tu. Nafasi ndo ya kuhesabu, TB 4 inachukua kama saa 390 za simu kwa fremu 30, lakini kwa droni ya megabiti 100 saa moja ni GB 45, kwa hivyo ni saa 88 tu. Chukua diski za CMR, zinazoandika mistari ya data bila kupandana, kama WD Red Plus ama Seagate IronWolf, zile za SMR mistari inapandana, zinasoma sawa ila siku diski moja ikifa kwenye kundi la RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, na unataka kulijenga upya zinakutesa. Kompyuta ndogo hizi hazina nafasi ya diski ya inchi 3.5 ndani, tafuta kasha la USB 3 lenye umeme wake wenyewe, usitegemee diski inyonye stima kwa USB.

Na RAID sio nakala. Hili nalisema kwa uchungu. Diski yangu ya kwanza ilisafirishwa kutoka Mombasa ndani ya gunia la mizigo, ikarushwa kwa gati ya Mokowe, ikarushwa tena kwa boti, siku ya tisa ikaanza kugonga tik tik na arusi ya dadangu ikaenda nayo, video yote, na baba yetu aliyekuwemo mle alikua ashatangulia mbele ya haki. Sikua na nakala. Tangu siku hio diski nabeba mwenyewe mapajani, ikiwa kwa povu, na ya pili yenye nakala inakaa kwa dadangu Shela, kila mwisho wa mwezi naivukisha, nainakilia, nairudisha. Nunua diski mbili ndogo badala ya moja kubwa kama pesa haitoshi.

Mahali pa kuiweka. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinapendeza kweli lakini kidaka kimefungwa pande tatu, joto linakaa mle, na kaskazi hewa yenyewe ishakua moto. Weka juu, chumba chenye upepo unaopita ila si dirishani panapopiga upepo wa bahari moja kwa moja, manake upepo ule unakuja na chumvi na unyevu na feni inavuta vyote ndani. Ndo maana nikasema zisizo na feni. Yenye feni ifungue kila baada ya miezi mitatu, ipulize, futa soketi za waya kwa spiriti. Joto la diski lisome kwa programu inayosoma SMART, ripoti ya afya ya diski yenyewe, mie likipita nyuzi 45 naanza kutafuta sababu.

Stima yetu inapanda na kushuka, na diski inayozimika ghafla ikiwa inaandika inaweza kuharibu data. UPS, ile betri ya akiba, yenye kusawazisha volti ni lazima, sio pambo. Betri ya 12V 7Ah ina kama wati-saa 84, kompyuta ndogo na diski mbili na rauta ni kama wati 40, kwa karatasi ni saa mbili, kwa kweli hesabu nusu ama chini yake, inatosha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu ukiiunganisha kwa USB na programu ya NUT. Matumizi pia yafikirie, kompyuta ndogo peke yake ikila wati 15 usiku na mchana ni uniti kama 11 kwa mwezi, ile ya mezani yangu ya wati 100 ilikua inakula 72, tokeni zenyewe zilikua zinalipia kompyuta mpya.

Ukishafunga kila kitu ijaribu hivi. Chukua faili zito kuliko yote, la droni, licheze kwa TV ya mbali kabisa saa mbili usiku watu wote wakiwa nyumbani na simu zao, huku mtu mwingine anatazama lake chumba kingine. Fungua ukurasa wa msimamizi wa Jellyfin kwa simu, utaona kama linacheza moja kwa moja ama linatranskodiwa, na likitranskodiwa imeandikwa sababu pale pale, kodeki, sauti, manukuu (maandishi ya chini ya picha) ama kasi ya njia. Sababu ikiwa kodeki badilisha kisanduku cha TV, ikiwa kasi rudi kwa waya ukaguse ncha moja moja.