Somo: Namba za bure za Marekani na simu za usumbufu, nani anasimamia nini

Tukiona 800 kwenye kioo cha simu, wengi tunaamini papo hapo kwamba anayepiga ni kampuni kubwa. Matapeli wanaitegemea imani hiyo, na inaniuma kuona wazee wetu walioko Marekani wakiibiwa kwa sababu yake.

Hatua ya 1: Itambue namba. Namba za bure huanza na 800, 888, 877, 866, 855, 844 au 833. Namba ya 800 na ya 888 zinaweza kufanana tarakimu zote zilizobaki, lakini ni namba mbili tofauti na wenyewe huenda hawajuani kabisa. Mpigaji halipi, anayepigiwa ndiye hulipa. Shika hilo, tutalirudia.

Hatua ya 2: Jua nani ana mamlaka. Kanuni zinatungwa na Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC. Tume yenyewe haigawi namba. Daftari kuu linatunzwa na Somos, na mteja hupata namba kupitia wakala aliyeidhinishwa. Anayewahi ndiye anayepata. Wakala haruhusiwi kuhodhi namba zisizo na mteja, na kuuziana namba ni marufuku, isipokuwa zile za 833 zilizopigwa mnada mwaka 2019 kwa agizo la tume. Kwa hiyo kuwa na namba ya bure hakumaanishi kwamba kuna mtu amekagua uaminifu wa biashara hiyo. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Hatua ya 3: Jisajili. Ingia donotcall.gov, au piga 1-888-382-1222 ukitumia simu ileile unayotaka kuisajili. Orodha hii ya wasiotaka kupigiwa simu za mauzo ni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, na ilianza 2003. Ni bure na usajili hauishi muda. Wanasiasa, mashirika ya hisani na watafiti wa maoni bado wanaruhusiwa kukupigia. Tapeli naye haangalii orodha yoyote, ndiyo maana hatua hii pekee haitoshi.

Hatua ya 4: Kata. Usibonyeze tarakimu yoyote, hata ile wanayosema itakuondoa kwenye orodha yao. Ukibonyeza umewaonyesha kwamba namba yako ina mtu. Kama wanadai ni benki yako, kata kisha piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi.

Hatua ya 5: Ripoti. Andika tarehe, saa, namba iliyoonekana na namba waliyotaka uipigie, kisha peleka malalamiko FCC au FTC. Meseji za kitapeli zitume 7726. Sheria ya 1991 ya kuwalinda watumiaji wa simu (TCPA) inamruhusu aliyepigiwa na mashine bila ridhaa kudai mahakamani dola 500 kwa kila simu, na hadi 1,500 ikithibitika mpigaji alivunja sheria kwa makusudi.

MASWALI

*Mwalimu, niliipigia namba iliyonisumbua, mwenyewe akasema hajawahi kunipigia. Ananidanganya?*

Huenda anasema kweli, ndugu yangu, namba yake imeghushiwa. Tangu tarehe 30 Juni 2021 kampuni kubwa za simu zinalazimika kutia saini ya kidijitali kwenye simu zinazopita katika mitandao yao ya intaneti, ili kuthibitisha namba ya mpigaji. Mitandao ya zamani ni mwanya mmojawapo uliobaki. Namba ya bure inayotumika kupokea tu inaweza kuwekwa kwenye orodha maalumu, na simu yoyote inayojifanya imetoka hapo ikazuiwa.

*Biashara yangu ina namba ya bure. Usiku inapigiwa, kimya tupu, na bili inapanda. Kwa nini?*

Kumbuka hatua ya 1: unayelipa ni wewe. Sehemu ya malipo hayo huifikia kampuni ya simu ambako simu ilianzia, na wapo wanaotumia mashine kupiga ovyo ili wagawane nayo hela hiyo. Oktoba 2020 FCC iliamua kuyashusha malipo hayo kwa awamu. Mpelekee wakala wako kumbukumbu za simu hizo, udai zifuatiliwe na bili irekebishwe.

*Sauti ikiwa ya akili bandia, sheria inaihusu?*

Ndiyo, dada. Februari 2024 FCC ilitamka kwamba ni sauti ya bandia chini ya ile sheria ya 1991, kwa hiyo anayeitumia kukupigia lazima apate ridhaa yako kwanza.