Namna ya Kuhakiki Takwimu za Nishati ya Muungano wa Viini kwa Leza

Kila mara maabara ya Lawrence Livermore, iliyoko katika jimbo la California nchini Marekani, inapotangaza rekodi mpya ya muungano wa viini vya atomu, habari hiyo huenea duniani ikiwa na namba mbili: nishati iliyoingia na nishati iliyotoka. Namba zenyewe ni sahihi. Kinachokosekana ni maelezo ya mahali zilipopimwa, na msomaji asiyeuliza hilo ataamini kwamba umeme wa muungano wa viini umekwisha kupatikana. Kuzihakiki hakuhitaji zaidi ya kalamu, karatasi na hesabu za kugawanya.

Anza kwa kufuata njia ya nishati yenyewe. Katika mtambo wa leza wa maabara hiyo uitwao NIF (National Ignition Facility), uliokamilika mwaka 2009, umeme hujazwa kwanza katika kapasita, yaani vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme, kisha kapasita huwasha taa kubwa za mmweko, na mwanga wa taa hizo huchochea vioo vilivyotiwa neodimiamu ambavyo hukuza miali 192 ya leza. Miali hiyo hukuzwa ikiwa ya infraredi, halafu hupitishwa katika fuwele zinazoigeuza kuwa ya urujuanimno. Mwishoni huingia katika silinda ya dhahabu yenye urefu wa takriban sentimita moja na kupiga kuta zake kwa ndani, nazo kuta hutoa eksirei. Eksirei huunguza ganda la kidonge chenye kipenyo cha takriban milimita mbili kilichowekwa katikati ya silinda. Ganda linapofumuka kuelekea nje, msukumo wake huibana kuelekea ndani fueli ya deuteriamu na tritiamu, yaani aina mbili nzito za hidrojeni, iliyogandishwa, hadi viini vyake vinapoungana na kuwa heliamu, huku vikitoa nyutroni zenye kasi kubwa. Nishati hupungua katika kila hatua, lakini sehemu kubwa zaidi hupotea mwanzoni kabisa, kabla mwali haujaifikia silinda.

Sasa chukua jaribio la tarehe 5 Desemba 2022, ambalo ndilo lililotangazwa kuwa la kwanza kuvuka mstari, yaani kutoa nishati nyingi kuliko mwanga wa leza ulioingia. Leza iliingiza megajuli 2.05 katika silinda (megajuli moja ni jouli milioni moja) na muungano ukatoa megajuli 3.15, yaani mara 1.5 ya mwanga ulioingia. Hata hivyo, kuichaji leza hiyo kulihitaji takriban megajuli 300 za umeme. Kwa kuwa uniti moja tunayonunua kwa ajili ya mita zetu za nyumbani ni megajuli 3.6, gawanya: zilitumika uniti zipatazo 83, na kilichorudi, kikiwa bado joto tu, hakikufikia hata uniti moja. Kauli zote mbili ni za kweli, ile ya ushindi na hii ya hasara. Zinatofautiana kwa sababu moja huanza kuhesabu kwenye silinda na nyingine kwenye nyaya za umeme.

Hatua inayofuata huwapotosha hata waandishi makini. Jouli hupima kiasi cha nishati, ilhali wati hupima kasi ya kuitoa. Ukisoma kwamba leza imezidi kwa nguvu mitambo yote ya umeme duniani, usishangae wala usikatae; uliza ilidumu muda gani. Leza ya petawati 10 (petawati moja ni wati milioni bilioni moja) iliyoko Măgurele nchini Romania huizidi NIF kwa wati takriban mara 20, lakini mpigo wake hudumu femtosekunde zipatazo 23 tu (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde), kwa hiyo hubeba jouli zisizozidi mia chache. Leza za namna hiyo zinatokana na mbinu waliyoibuni Donna Strickland na Gérard Mourou mwaka 1985, iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2018, na hutumika kuongeza kasi ya chembe na kuchunguza tabia ya maada katika hali kali mno. Hazikusudiwi kuzalisha umeme, na kuzihukumu kwa kipimo hicho ni kuzionea.

Uonevu huohuo hutendewa NIF. Marekani ilisimamisha majaribio ya kulipua silaha za nyuklia mwaka 1992, na mtambo huu ulijengwa hasa ili wanasayansi waweze kuichunguza fizikia ya silaha hizo bila mlipuko. Ufanisi wa leza haukuwa sharti la mchoro wake.

Baada ya hapo, weka namba za kituo halisi cha umeme. Tuseme leza mpya inageuza asilimia 10 ya umeme kuwa mwanga, na mitambo ya mvuke inageuza asilimia 40 ya joto kuwa umeme. Kila megajuli moja ya mwanga itadai megajuli 10 za umeme, nazo zitadai megajuli 25 za joto. Hivyo muungano ni lazima urudishe mara 25 ya mwanga ulioingia ili tu leza ijilipie yenyewe, kabla ya mteja yeyote kupata chochote. Mwezi Aprili 2025 NIF ilipata megajuli 8.6 kutokana na 2.08, yaani mara nne na kidogo: maendeleo makubwa kwa miaka isiyofika mitatu, lakini bado ni chini ya moja ya tano ya kiwango hicho.

Malizia kwa kuuliza idadi ya mipigo. NIF huhitaji saa kadhaa kupoa baada ya mpigo mkubwa, ilhali kituo cha umeme kingehitaji mipigo takriban kumi kwa sekunde, yaani vidonge zaidi ya laki nane kwa siku, kila kimoja kikiwa kimetengenezwa kwa usahihi wa hali ya juu na kwa gharama ndogo kuliko thamani ya umeme kitakaoutoa. Taarifa isiyogusia bei ya kidonge inahusu fizikia. Bado haijafika kwenye umeme.