Dawa za moyo na Medicare: namna ninavyopiga hesabu yangu

Januari 2023 nilisimama kwenye dirisha la duka la dawa hapa Houston nikaambiwa dola 675. Dawa mbili, za mwezi mmoja: Entresto na Farxiga. Bima ninayo. Nimeendesha teksi ya uwanja wa ndege miaka kumi na tisa, na kodi ya Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, nimekatwa miaka yote hiyo. Nikachukua Entresto, ile nyingine nikaiacha palepale. Nayo Entresto nikawa naivuta: kidonge kimoja kwa siku badala ya viwili, ili kopo lifike miezi miwili. Mwezi wa tatu miguu ilivimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo kama kwenye unga wa chapati. Nikalazwa siku nne. Bili ya hospitali iliipita mbali ile ya dawa.

Naandika kwa wazee wenzangu mlioko Marekani mkiwa na Medicare, na kwa watoto wenu ambao ndio wanaosoma barua. Bei zimebadilika sana tangu siku ile, na wengi bado wanaogopa bei za zamani.

Nunua kaunta buku. Januari andika kila dawa, bei kamili, na ulichotoa wewe. Bima ya dawa, ile Sehemu D ya Medicare, huenda hivi katika mpango wa kawaida: kuna fungu la mwanzo unalolimaliza mwenyewe, mwaka huu wa 2026 halizidi dola 615. Likiisha unalipa robo ya bei. Ulichotoa mfukoni kikifika dola 2,100, basi. Hadi Desemba hulipi tena dawa zilizomo kwenye orodha ya mpango wako. Kikomo hiki kilianza 2025 kikiwa dola 2,000. Hadi mwaka 2023 hakikuwapo kabisa: hata ukishatoa maelfu, asilimia 5 iliendelea kukufuata.

Daftari langu la 2025 linasema hivi. Januari, dola 738.50. Februari hadi Mei, 296 kila mwezi. Juni, 77.50. Julai nikaenda dirishani na pochi mkononi, binti wa duka la dawa akasema sifuri. Nikamwomba aangalie tena. Akageuza kioo cha kompyuta nikakiona kwa macho yangu.

Mwaka huu picha ni nyingine tena. Kwa sheria ya 2022, serikali yenyewe ilikaa na watengenezaji ikapatana bei, na tangu tarehe 1 Januari 2026 Entresto ya mwezi imeshuka kutoka dola 628 hadi 295, Farxiga kutoka 556 hadi 178.50. Anayetumia Jardiance, dawa ya jamii moja na Farxiga, yake ni 197. Kwa hesabu yangu Januari ni 473.50, Februari kama 225, halafu kama 118 kila mwezi. Mwaka mzima haufiki hata kikomo. Mpango wako unaweza kuwa hauna fungu la mwanzo, au una malipo ya kudumu badala ya robo. Soma karatasi yako, usisome yangu.

Na Entresto sasa ina jeneriki, yaani dawa ile ile iliyotengenezwa na kampuni nyingine, tangu Julai 2025. Usidhani moja kwa moja kwamba jeneriki ndiyo nafuu kwako, maana kila mpango unaipanga unavyotaka wenyewe. Mwambie mfamasia akupigie zote mbili kabla hajafunga mfuko. Zile nyingine za moyo, carvedilol, spironolactone, dawa ya kukojoa, ni za zamani na bei yake ni ya chai. Hizo zisikunyime usingizi.

Januari bado inauma, najua. Dawa yake ni kupiga simu kwa mpango wako wa Sehemu D na kusema unataka kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Haki hiyo ipo tangu 2025, kila mpango lazima uitoe, na hakuna riba. Ukijiunga Januari, mwezi wa kwanza huwezi kutozwa zaidi ya dola 175, kwa sababu wanagawa 2,100 kwa miezi 12. Dirishani hulipi kitu, bili inakuja nyumbani. Haipunguzi deni, inalitandaza tu. Anayejiunga Oktoba hapati faida hiyo, miezi imeshakwisha.

Kama pato ni dogo, kabla ya yote hayo omba msaada unaoitwa Extra Help kupitia ofisi ya Social Security. Tangu 2024 wameupanua, na jirani yangu hapa, mama wa Kigoma, analipa dola 12 na kitu kwa Entresto. Alikaa miaka miwili bila kuomba akidhani ni sadaka ya serikali itakayomharibia karatasi zake. Ana uraia tangu 2014.

Mtego mmoja ulionipata: zile kadi za punguzo za mtandaoni. Ukilipia kwa kadi hiyo unaikwepa bima, na kiasi hicho hakihesabiwi kwenye kikomo isipokuwa wewe mwenyewe upeleke risiti wakikubali. Mchango wa bima wa kila mwezi nao hauhesabiwi. Na kuponi za mtengenezaji wa dawa, zile za kwenye televisheni, mtu wa Medicare haruhusiwi kuzitumia.

Hospitali ni hesabu nyingine. Ukilazwa, Sehemu A, ile bima ya kulazwa, inakudai dola 1,736 kwanza. Ukitoka na kurudi kabla ya siku 60 kwisha, hudaiwi tena, na sisi wa moyo tunarudi sana, kwa hiyo andika tarehe ya kutoka. Lakini uliza swali hili ukiwa bado kitandani: "Nimelazwa, au niko kwenye uangalizi?" Mtu anaweza kulala usiku mbili, kavishwa gauni la hospitali, chakula kinaletwa, na kwenye makaratasi ni mgonjwa wa nje. Hapo inalipa Sehemu B, ile ya daktari na wagonjwa wa nje, nawe unabeba asilimia 20, na siku hizo hazihesabiwi kwenye zile tatu zinazotakiwa ili bima igharamie kituo cha uuguzi baadaye. Uangalizi ukipita saa 24 lazima wakupe karatasi. Mke wangu aliitia sahihi akidhani ni ya kuruhusiwa kutoka.

Kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba ndio msimu wa kubadilisha mpango. Kila jimbo lina washauri wa bure. Nenda na makopo yako yote kwenye mfuko wa nailoni, wanaandika majina na kukuonyesha mpango gani utakutoza kiasi gani kwa mwaka.

Kiingereza kikikushinda, piga 1-800-633-4227 useme "Swahili". Mkalimani ni bure. Mimi nilipata kijana wa Bukavu. Tuliendelea vizuri hadi aliponiuliza nameza kinini ngapi kwa siku (kumbe kwao ni vidonge), nami nikamjibu malaria sina.