Una sukari au unachoma sindano ya kupungua na unaenda kushonwa kano? Soma hii kwanza

Kama daktari ameshakwambia kano yako (ule mshipa mgumu unaoshikilia msuli kwenye mfupa) ya bega au ya kisigino inabidi ishonwe, kaa chini kwanza tuelewane.

Pima sukari ya miezi mitatu mapema, ile HbA1c, usiende na kipimo cha kidoleni cha asubuhi moja ukaona iko sawa ukafurahi. Sukari ikikaa juu muda mrefu inang'ang'ania kwenye kolajeni, ile protini inayojenga kano, kano inakuwa ngumu kama mpira wa manati ulioachwa juani, ukishonwa inaunga taratibu na kidonda nacho kinashika wadudu kirahisi. Kama upasuaji unaweza kusubiri, madaktari wengi wanataka hiyo HbA1c ishuke chini ya asilimia 8 hivi ndo wakuguse.

Sigara acha. Magongo tafuta kabla. Sipro (antibiotiki ya ciprofloxacin) za kujinunulia duka la dawa kisa mkojo unauma, achana nazo, Marekani tangu 2008 wanalazimisha onyo kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kukata kano, na sukari zinaiyumbisha pia. Na sindano ya steroidi ya kutuliza maumivu inapandisha sukari siku kadhaa, kwa hiyo anayekuchoma ajue una sukari.

Sasa la dawa. Wifi yangu kano ya kisigino ilikatika kwenye bonanza la ofisini, anacheza netiboli, akasikia pa! akageuka kuangalia nani kampiga teke, hamna mtu. Hospitali wakamuuliza unatumia dawa gani, akasema metformin, vidonge vya sukari, basi. Ile semaglutide, sindano ya kupungua anayojichoma tumboni kila Jumapili hakuitaja, maana ofisini wote wanajua kapungua kwa gym na maji ya limao, na kaka yangu alikuwa kasimama hapohapo na yeye hajui kitu. Akafunga kula toka usiku kama alivyoambiwa, lakini hiyo dawa inachelewesha chakula kutoka tumboni, ndo maana unashiba haraka, kwa hiyo wali wa jana ulikuwa bado upo. Wanampiga nusu kaputi, chakula kikapanda, kingine kikaingia kwenye mapafu. Kaamkia ICU. Upasuaji ukasogezwa wiki kadhaa, na kano iliyokatika ukiiacha muda wote huo ncha zinajivuta kila moja kwake, ikabidi wahamishe kano ya kidole gumba cha mguu ndo wazibe pengo.

Kwa hiyo taja KILA kitu, na ya kuletewa na shoga kutoka Dubai ni dawa pia. Ila usiache mwenyewe, sukari itaruka. Mwaka 2023 madaktari wa usingizi Marekani walisema dozi ya wiki iliyo karibu na upasuaji irukwe, 2024 wakalegeza, wengi wanaendelea nayo ila siku nzima kabla wanakunywa vya majimaji tu, sasa ipi ni yako aamue daktari wako. Na vile vidonge vya kutoa sukari kwenye mkojo, empagliflozin na dapagliflozin, huwa vinasimamishwa siku 3 kabla, damu inaweza kujaa asidi huku mashine inakuonyesha sukari ya kawaida.

Baadaye wifi alirudishiwa sindano na kula kukawa vita, supu ya samaki vijiko viwili anasukuma bakuli. Kano inajengwa kwa protini, na mwili unaopungua haraka unapoteza na misuli, kwa hiyo mayai, maharage, dagaa, kidogokidogo mchana kutwa, usisubiri njaa. Kama sindano yenyewe inaponya kano au inaiharibu, tafiti bado changa, usidanganywe na yeyote.

Ukiwa na ganzi miguuni mwambie anayekufunga muhogo (plasta ngumu, POP), ukikuchubua hutasikia. Nyama ya nyuma ya mguu ikivimba na kuuma au kifua kikibana, hospitali usiku huohuo. Dawa zako mpe mtu mmoja wa nyumbani orodha. Na jirani atakayekuja na majani ya kupaka kwenye mshono, mpe soda aende.