Kikombe cha marehemu mama kisitoke jikoni

Kwa mliofiwa na mama, hasa sisi wa huku Lamu: vyombo vyake vikigawanywa, kikombe alichokuwa akipimia mchele kibaki, hata kama kimebonyea. Mama zetu hawakupima kwa gramu. Akisema "vikombe vitatu" vya mchele wa mkate wa kumimina alikuwa na maana ya kile chake, na cha dukani huenda kikakupa uji. Kijaze mchele, uupime kwenye mizani, uandike.

Kisha mwombe mama mdogo, au shoga yake mama, aje apike mbele yako. Usimuulize kiasi, maana atakujibu "tia tu mpaka uone yatosha". Weka bakuli juu ya mizani, yeye atie, wewe usome. Andika na yasiyopimika: mchele umelowekwa usiku kucha, umesagwa kwa tui zito, umeachwa uumuke mpaka utoe mapovu, na makaa yamepaliwa juu ya kifuniko wakati gani.

Chai nayo ina mambo yake. Tangawizi mbichi ichemke kwenye maji kwanza, maziwa yafuate, la sivyo yatakatika. Iliki itwangwe na maganda yake (wengine hutoa maganda, shauri yao).

Ukiupika mkate mwenyewe Alhamisi jioni kumsomea Yasini, peleka kipande kwa jirani aliyezoea kula wa mama. Huyo ndiye atakayekwambia kama iliki imepungua.